Nilimzika mama mkwe ili nimtembeze mke wangu

Jumatatu, tarehe 14 Julai. Kiseke, Mwanza. Huu ni mwezi wa nane tangu niondoke nyumbani Kamachumu.

Leo kumekucha na upepo wa ziwani na vumbi. Nimebeba zege tangu asubuhi, mabega yanauma, lakini mabega nimeyazoea. Mke wangu Adventina alipanda meli jana jioni kurudi nyumbani na hakuniaga. Alipita ngazi ya meli kama mtu aliyesindikizwa na mpagazi.

Naandika hapa mtandaoni kwa sababu watu wote ambao ningewasimulia wanajua tayari.

Mimi ni saidia fundi. Nachanganya zege, nabeba tofali, nampandishia fundi karai. Shule niliishia kidato cha pili, na wenzangu hawachoki kunitania: "Muhaya gani wewe usiyejua Kiingereza? Kwenu walikuficha?" Tunajenga hoteli ndogo ufukweni. Kila chumba kina kibaraza kinachotazama ziwa, na kila kibaraza kina nafasi ya viti viwili. Siku moja nilimuuliza Lushinge, msimamizi wetu, kwa nini viwili tu.

"Cha mume na cha mke," akasema. "Watu wanakuja hapa kukaa. Wanatazama maji."

"Wakishatazama?"

"Wanatazama tena."

Tulicheka wote. Lakini jioni ile nilirudi chumbani kwangu nikifikiria viti viwili. Mimi na Adventina tuna watoto wawili na miaka tisa ya ndoa, na sikumbuki siku tuliyokaa tu. Tukikaa tunachambua maharage. Au tumekaa msibani. Nikaona aibu kwamba namjengea mke wa mtu mwingine mahali pa kutazamia maji, na wangu hajawahi kuona hata mji huu ninaofanyia kazi.

Nikampigia simu aje. Alikataa kwanza, kahawa iko kwenye mikeka, watoto wana shule. Aliyemshawishi ni mama yake, Ma Paskazia. Alisema atahamia kwetu siku hizo, ataangalia watoto na kuanua kahawa. Nilimsikia kwenye simu kwa nyuma akisema, "Nenda, mwanangu. Mimi mume wangu alifariki hajanipeleka hata Bukoba mjini kutembea."

Yeye ndiye aliyetupatia zile siku. Naomba hili likumbukwe, kwa sababu ya lile nililomfanyia.

Kibarua hana likizo. Ukikosa siku moja, getini kuna watu wamesimama na mabeleshi yao, na nafasi yako inakwenda. Kitu kimoja tu Lushinge anakiheshimu, nacho ni msiba. Ukifiwa, anamweka mtu kwa muda na anamwambia wazi, hii ni nafasi ya mfiwa, akirudi unatoka. Yeye ni Msukuma wa Magu, mkali kwa kila kitu, lakini kwa msiba hana mjadala. Ila awe ndugu wa karibu. Kwa shangazi wa mbali anakwambia tuma salamu.

Baba yangu alishakufa, na Lushinge anajua. Mama yangu mzazi nilimfikiria, ulimi ukakataa. Nikasimama mbele yake Jumatano jioni na kofia mkononi, nikasikia mdomo wangu unasema, "Mzee, nimefiwa na mama mkwe."

Ilikuwa rahisi. Hiyo ndiyo sehemu inayonitisha mpaka sasa.

Lushinge alivua kofia yake pia. Akaniuliza maziko ni lini, nikamwambia Ijumaa. Akaniuliza narudi lini, nikamwambia Jumapili, Jumatatu nitakuwa kazini. Mama Shija, anayetupikia pale kazini, akaacha sufuria akaja kunishika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole, baba. Mama mkwe ni mama." Kulwa, mwenzangu wa karai, akasema, "Muhaya, leo sikutanii." Nikaondoka nikitembea polepole, kama mfiwa anavyotembea.

Adventina alifika na meli Alhamisi asubuhi. Amevaa gauni la kijani alilolishona kwa ajili ya Krismasi, na kapu la ndizi kichwani kama vile Mwanza hakuna ndizi.

Siku zile zilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo, hata kama leo naona vibaya kusema. Tulikwenda kwenye Jiwe la Bismarck. Adventina alilizunguka kwa macho akasema, "Kwa hiyo ni jiwe." Nikamwambia ni jiwe maarufu. "Kwetu yako mengi, hayajapata bahati tu." Mpiga picha wa pale akatupanga tusimame, mimi nimesimama mbali kama nasubiri basi, akapiga kelele, "Baba, mkumbatie mama! Si mwizi huyo!" Nikamkumbatia mbele za watu. Sikuwahi kufanya hivyo maishani.

Ijumaa tulikwenda Kigongo kulitazama daraja. Adventina alitazama ziwa, mimi nikatazama zege. Tukavuka kesho yake asubuhi kwenda kisiwa cha Saanane, tukaona swala na pimbi, na kenge mmoja aliyemfanya apande juu ya mwamba huku amevua viatu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Jumamosi mchana tukapanda boti ya matembezi. Kulikuwa na maharusi wa wiki ile, kulikuwa na mzee mstaafu na mkewe wamevaa kofia zinazofanana, na muziki wa taratibu. Boti ilipoacha ukingo Adventina akamuuliza nahodha, kwa heshima kabisa, "Shikamoo. Tunashukia wapi?"

"Marahaba, mama. Hatushuki. Tunazunguka, tunarudi palepale."

Akanigeukia. "Baba Koku, umelipa twende tusikokwenda?"

Mke wa mstaafu akamsogelea akamwambia, "Mdogo wangu, mimi nilikuwa kama wewe. Kaa. Utazoea." Akakaa. Akavua viatu tena. Jua lilikuwa juu ya maji na nyumba za mji zikaonekana zimepandana juu ya mawe kule mlimani. Akasema, "Kumbe ziwa lina rangi. Nilipokuja nilikuwa nimelala." Baadaye akasema, "Mama angependa hapa."

Nilitazama maji.

Kuna mambo mengine nilifanya siku zile, na sasa nayaona yote. Nilivaa kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi, nisije nikaonwa na mtu wa kazini. Kila tulipopita barabara kubwa nilinyamaza. Nilimwambia azime simu yake, apumzike na mambo ya watoto, bibi yao yupo. Nilimwambia hivyo kwa nia njema, naamini. Lakini pia niliogopa kumsikia mama yake akicheka kwenye simu wakati mimi nimeshamzika.

Jana tulisali misa ya asubuhi. Baada ya chakula nilitoka kwenda kumtafutia Koku, mtoto wetu mkubwa, viatu vya shule ambavyo mama yake angeondoka navyo kwenye meli ya jioni. Nilimwacha Adventina anafunga mizigo huku anaimba.

Nilivyorudi nilikuta viatu mlangoni. Vingi. Ndala, yeboyebo, na jozi ya buti zenye saruji ninazozijua kwa sababu ni za Lushinge.

Ninyi mliozaliwa mkakaa na watu wenu labda mngetegemea waje. Mimi sikutegemea. Miezi minane nimekuwa nikijiona mtu wa kuitwa "wewe, lete maji." Sikujua kwamba wale watu, siku yao moja ya kupumzika, wangevaa nguo safi, wakachangishana unga na sukari, wakatafuta nyumba mpaka Kiseke ili wanipe pole niliporudi kutoka maziko. Sikujua kwamba nina watu. Kama ningejua, nisingeweza kuwadanganya. Au labda ningeweza tu.

Yaliyotokea kabla sijafika nilisimuliwa na Mama Shija. Walibisha hodi, Adventina akafungua. Walidhani amerudi na mimi kutoka kumzika mama yake. Mama Shija, kanga kiunoni, akamkumbatia akaanza kulia, "Pole, mwanangu, pole, mama ameondoka, mama hana mwingine." Adventina akauliza, "Mama nani?" Wakatazamana. Hapo ndipo Mama Shija alipoelewa, au alidhani ameelewa, kwamba huyu binti bado hajaambiwa. Kwamba mume kamficha. Akaziba mdomo.

Mimi nikaingia na viatu vya mtoto mkononi. Adventina alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Baba Koku. Mama amekufa?"

"Hajafa."

"Amekufa."

"Adventina, hajafa. Nilidanganya kazini nipate ruhusa. Mama yako mzima kabisa."

Nilisema ukweli wote kwa sentensi mbili, mbele ya watu wote niliowadanganya. Nilitegemea labda apige kelele, labda anipige. Lakini Lushinge, akiwa amesimama pembeni ya kitanda na kofia yake mkononi, akakohoa, akasema kwa upole ambao sijawahi kuusikia kwake, "Ndiyo, dada. Hata sisi tumekosea nyumba. Tulikuwa tunakwenda kwa mtu mwingine." Kulwa akadakia, "Kabisa, nyumba hizi zinafanana." Mama Shija akatikisa kichwa na machozi yanamtoka, "Tumekosea, mwanangu, mama yako yupo."

Walidhani nimeanza kumtuliza na wakaamua kunisaidia. Walidanganya kwa huruma, wote kwa pamoja, na kila mtu pale chumbani akasikia ni uongo.

Nani kati yetu hajui jinsi inavyofanywa? Mtu akiwa mbali na kwao, haambiwi kwamba mzazi amekufa. Anaambiwa mama anaumwa kidogo. Anaambiwa njoo tu. Anapewa soda, anapandishwa gari, anasindikizwa, na kila mtu anakuwa mwema kwake mpaka anapoliona turubai limefungwa uani. Adventina mwenyewe alimfanyia hivyo mdogo wake baba yao alipofariki.

Sasa akaanza kuhesabu wema wangu.

"Ndiyo maana ulinipeleka kwenye boti," akasema. Hakupaza sauti. "Ndiyo maana ulinikumbatia kwa mpiga picha. Ukaniambia nizime simu. Nikasema mama angependa hapa, ukanyamaza. Mimi nikajiuliza huyu mwanaume kapatwa na nini. Kumbe ulikuwa unaniandaa."

Nilimwambia siyo. Kila nilivyokana, ndivyo alivyozidi kuamini.

Akawasha simu. Akampigia mama yake, haipatikani. Ma Paskazia simu yake huichajisha dukani na kuisahau huko. Akampigia jirani yetu, Ta Kamugisha, mzee wa watu. Simu ilikuwa kwenye spika. Akamuuliza bila salamu, mama yangu yuko wapi. Mzee akasikia sauti ile ya kulia akashtuka. "Yupo, mwanangu. Yupo. Kwani umesikia nini?" Kisha akasema neno ambalo siku nyingine yoyote lisingekuwa na ubaya. "Usijali. Wewe njoo tu nyumbani."

Adventina akatupa simu. Alilia kilio cha msiba, kile cha kwetu, cha kuita jina. Mama Shija akashindwa, akalia naye. Majirani wa nyumba nzima wakaja mlangoni. Mimi nilikuwa nimeshika viatu vya Koku na sikuwa na pa kuviweka.

Nikaiokota simu, nikampigia tena Ta Kamugisha, nikamwambia, mzee, nakuomba, kimbia nyumbani kwangu mpe Ma Paskazia simu, tuisikie sauti yake. Tukasubiri. Sijui ni muda gani. Nilichokuwa nafikiria nitakisema hapa kwa kuwa nimeamua kusema yote: nilikuwa naogopa kwamba atamkuta amekufa kweli. Kwamba nilimtamkia kifo na kifo kikasikia.

Ikaja sauti, kali, imechoka na jua.

"Nani huyo ananitoa kwenye kahawa?"

"Mama?"

"Adve? Unalia nini? Amekupiga?"

"Mama, sema jina la mtoto wangu mkubwa, nijue ni wewe."

"Umerukwa na akili wewe? Nani kafa?"

Adventina alicheka na kulia pamoja, akaiweka simu shavuni kama mtoto. Akasema, "Hakuna, mama. Kuna watu tu walichanganya habari." Na alipokuwa anasema "watu tu" alinitazama mimi. Hapo ndipo alipoamini maneno yangu ya mwanzo. Na hapo ndipo na wengine walipoamini.

Lushinge akavaa kofia. Alipita mbele yangu akasema, "Nilimfukuza mtu getini kwa ajili yako," akatoka. Kulwa alijaribu, maskini, kwa sababu hawezi kuvumilia ukimya: "Muhaya, angalau ungemuua kwa Kiingereza tusielewe." Hakuna aliyecheka, hata yeye. Unga na sukari waliviacha. Nilimkimbilia Mama Shija navyo hadi barabarani, akakataa kuvigusa. Alisema hajawahi kurudisha nyumbani kwake kitu kilichotolewa msibani, na hataanza leo.

Njiani kwenda bandarini Adventina alikaa mbele na dereva wa bajaji. Getini akasimama, akachukua mizigo yake mkononi mwangu, akasema aliyotaka kusema.

"Ungeniambia huna ruhusa, nisingekuja. Nisingelaumu. Siku zile zilikuwa nzuri, Baba Koku, na sasa kila nikizikumbuka namwona mama yangu amelala kwenye jeneza. Hata boti umeninyang'anya."

Nikamwambia nitamtuma mshenga aliyesimamia ndoa yetu, aende kwa mama kuniombea radhi. Kwetu ndivyo ilivyo, mkwe hasimami mwenyewe mbele ya mama mkwe na jambo zito, mzee anamsemea.

"Hapana," akasema. "Ulipomuua hukumtuma mtu. Utakuja mwenyewe, utamwambia kwa mdomo wako. Mimi simwambii. Na mpaka umwambie, usinipigie."

Leo nimekwenda kazini kwa sababu sikujua mahali pengine pa kwenda. Lushinge hakunifukuza. Alinionyesha rundo la mchanga, basi.

Nilidhani adhabu yangu ni kutosemeshwa. Saa nne hivi akaja Bahati, fundi wa kupiga lipu, mtu wa Sengerema, mpole, hana maneno mengi. Simu iko mkononi, macho mekundu. Akamwambia Lushinge dada yake amefariki asubuhi hospitali, anaomba ruhusa.

Lushinge alimtazama. Kisha akanitazama mimi. Sijawahi kumwona akisitasita kwenye jambo hilo.

"Bahati," akasema, "unisamehe. Piga huko nyumbani, niongee na mtu."

Bahati hakuelewa. Jana hakuwapo, alikuwa kwao na mgonjwa. Akapiga. Akaweka spika. Na sisi sote tukasimama na mabeleshi yetu tukisikiliza kilio cha nyumba ya watu wa Sengerema, wakati kaka wa marehemu ameinua simu juu ili msimamizi asikie vizuri.

Lushinge alisema inatosha kabla sisi wengine hatujainua macho. Akamshika Bahati begani akamsindikiza mpaka getini. Alipita karibu yangu akirudi, sikumwangalia.

Ningeweza kuvumilia kupoteza kazi. Ningeweza hata kuvumilia Adventina akae mbele na dereva. Lakini yule mtu alikuwa na msiba wake wote, kamili, na mimi nimemfanya authibitishe.

Mchana nilimfuata Lushinge. Nilimwambia Alhamisi naondoka. Nikamwambia sijafiwa, sina mgonjwa, nakwenda kumwomba radhi mama mkwe.

"Nafasi yako siiweki," akasema.

"Najua, mzee."

Akachora chini kwa ncha ya buti. "Huyo mama ana hasira?"

"Bado hajui."

"Basi wahi, kabla hajaambiwa na mtu mwingine." Kisha akarudi kwenye nondo zake.

Nimejaribu jioni hii kupanga maneno. Nianze na shikamoo, hilo najua. Baada ya hapo sijui. Nimwambie kwamba nilitaka binti yake akae kwenye kiti atazame maji? Ni kweli, lakini nikilisema litakuwa kama najitetea. Nimwambie tu: mama, niliwaambia watu umekufa, na walikulilia. Halafu nikae chini nisubiri. Na kama wiki hii atapata hata mafua, nitajua ni nani aliyemletea.

Mnaonisoma hapa mko mbali na kwenu kama mimi, wengi mnaomba ruhusa kesho. Kama mtadaiwa sauti ya kilio kwenye simu, mjue yuko mtu kama mimi aliyewatangulia.

Meli ni Alhamisi jioni. Kama ziwa litatulia, Ijumaa asubuhi nitashuka Kemondo, na kabla ya saa sita nitakuwa nimeingia uani kwangu Kamachumu, bila mshenga. Lini nitarudi Mwanza, sijui. Ijumaa ndiyo siku ninayoweza kuitaja.